Jiwe Lililolainika

Tafakari ya juma la tatu la Kwaresima



Kuna kijana wetu mmoja, mzaliwa wa kule chini ziwani, ambaye siku hizi anaishi Marekani. Hunipigia simu Jumapili moja moja, kwake kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka na mimi nimekwisha kula cha mchana. Tunaongea habari za nyumbani: nani amefunga ndoa, nani tumemzika, usipa unapatikana au ziwa limechafuka. Jumapili iliyopita nilimwuliza swali nililokuwa nimelibeba miaka kadhaa. Mwanangu, huko hasa unafanya kazi gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, mimi napiga msasa matufe."

Nilidhani mtandao umekula maneno. Akaanza kunifafanulia, nami nikasogeza kiti karibu na dirisha ili simu isikatike, kwa sababu kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyomwona marehemu Bibi yangu, amepiga magoti uani.

Kijana wetu ameajiriwa kwenye ukumbi wa bolingi. Wengi wetu hapa Mbinga mchezo huo tumeuona kwenye filamu tu. Mchezaji husimama mwanzo wa njia ndefu ya mbao. Mbele yake, kiasi cha mita 18, pini kumi zimepangwa kwa umbo la pembetatu. Anashika tufe lenye matundu ya vidole, zito, maana kanuni zinaruhusu hadi kilo 7 na robo, analiviringisha likaziangushe pini. Nilikuwa nikidhani hapo panahitajika nguvu na shabaha, basi. Kumbe njia ile hupakwa mafuta, kuanzia miguuni pa mchezaji hadi kama theluthi mbili ya safari. Kwenye mafuta tufe huteleza. Likifika pakavu, ngozi yake hushika mbao, likapinda, likaziingia pini kwa ubavu na kuzilaza. Tufe lisiloshika hupita limenyooka, likagonga mbili tatu, likatumbukia nyuma.

Zamani matufe hayo yalichongwa kwa mti mgumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja ya mpira, baadaye ya plastiki, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 yako ya resini yenye vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vitundu hivyo ndivyo vinavyolipa tufe mshiko wake. Na ndivyo vinavyoliharibu, maana kila linapopita njiani hunywa mafuta kidogo, huku ngozi yake ikisuguliwa na mbao hadi inakuwa laini. "Mteja anakuja anasema tufe lake limekufa," kijana aliniambia. "Ukilitazama, Padre, linang'aa kuliko siku alipolinunua."

Basi yeye hulitia kwenye maji ya moto wa kiasi ili litoe jasho la mafuta liliyoyanywa. Kisha huliweka kwenye mashine inayolizungusha, akaliparuza kwa msasa wa duara: kwanza ule mkali, namba 500, halafu 1000, halafu 2000, pengine hadi 4000, akiligeuza ili kila upande upate sawa na mwenzake. Akimaliza, tufe halina mng'ao. Limefifia kama limeshikwa na ukungu, na ukiliparaza kwa kidole unahisi kidole kimezuiwa. "Hapo ndipo limepona," alisema.

Neno lenyewe, msasa, tunalo tangu kale. Ni mti, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi waliyatumia kusugulia mipini na viti kabla karatasi ya dukani haijaja kurithi jina. Leo walimu au madiwani wakiitwa kwenye semina, redio inasema wamepigwa msasa. Siku zote tunafikiri msasa ni wa kulainisha, kuondoa mabaka na kukifanya kitu kipendeze machoni. Kijana huyu anautumia kuondoa ulaini. Hilo ndilo lililonikaa moyoni juma zima, na ndilo ninalotaka kuwaletea.

Jiwe la kusagia la Bibi lilikuwa uani, chini ya ukingo wa paa, mahali pasipofika mvua. Lilikuwa la kijivu, kama miamba iliyotapakaa ufukweni kwetu, urefu wa mkono mmoja, limelazwa kwa kuinama ili unga uteremkie kwenye ungo. Juu yake alikaa mwana wa jiwe, wa kushikwa kwa mikono miwili. Mashine ya kusaga ilikuwa imekwisha kufika kijijini, na mahindi Bibi aliyapeleka huko kama watu wote. Lakini ulezi wa uji wa mtoto mchanga, na ulezi wa togwa, alisaga mwenyewe. Alipiga magoti, akamwaga konzi, akamsukuma mwana mbele kwa uzito wa mabega, akamvuta nyuma, na sauti ile ilimtangulia jogoo. Jirani aliyegeuka kitandani aliisikia akajua kwamba nyumba ya fulani imeamka salama. Nabii Yeremia, anapotaka kuonyesha jinsi nchi itakavyokuwa ukiwa, katika sura ya 25 anataja kunyamaza kwa mawe ya kusagia pamoja na kuzimika kwa taa. Mtu anayewaza hivyo amekulia karibu na jiwe.

Baada ya majuma kadhaa jiwe lilianza kung'aa katikati. Mimi nilikuwa mtoto na nililipenda hivyo. Nilipitisha kiganja, lilikuwa laini kama tumbo la samaki. Lakini ulezi ulikimbia. Punje ziliteleza chini ya mwana, nyingine zikaruka pembeni, nyingine zikafika kwenye ungo nzima nzima kama zilivyomwagwa. Bibi alisukuma mara mbili zaidi akapata nusu ya unga. "Limeota upara," alikuwa akisema, na alilitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Siku hiyo alitoa chini ya kitanda jiwe jeupe, gumu, kubwa kama ngumi, akaketi akaanza kugonga. Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani analivunja. Hakugonga kwa nguvu. Alianzia kichwani pa jiwe, mstari baada ya mstari, pigo dogo kando ya pigo dogo, kila moja likiacha kidoa cheupe kisichozidi punje ya mtama, na vumbi likapanda hadi kwenye nyusi zake. Ilimchukua karibu asubuhi nzima. Akimaliza jiwe la chini alimgeuza mwana, akamgonga naye, kwa sababu ukimwamsha mama ukamwacha mwana amelala, ulezi utaendelea kukimbia. Kisha alipangusa kwa kifagio, akamwagia maji, akaliacha jua lifanye kazi yake.

Na unga wa kwanza hakuula mtu. Alisaga konzi moja, akaimwaga yote kwa kuku, maana jiwe lililotoka kugongwa hutoa mchanga. Binadamu akila unga huo, meno yanalia.

Ndugu zangu, tumezoea kusali tupewe moyo laini, na ni sala njema. Tunamwomba Mungu atuondolee ukaidi. Lakini kuna ulaini mwingine ambao si upole. Ni ulaini wa jiwe lililotumika sana. Nadhani unapatikana kanisani kuliko mahali pengine, kwa kuwa ni sisi tunaosuguana na mambo matakatifu kila siku: misa, rozari, mikutano ya jumuiya, michango, maziko. Mtu hajatenda uovu anaoweza kuutaja. Amefanya kazi tu. Na kwa kufanya kazi, asijue ni lini, amekuwa mahali ambapo shida ya mwenzake inateleza na kupita nzima nzima.

Niwape mfano ninaoujua vizuri, kwa kuwa ni wangu.

Mwezi wa Januari, mama mmoja alikuja ofisini kwangu baada ya misa ya asubuhi. Mvua ilikuwa imemlowesha kanga zote mbili. Ghalani kwake mahindi yalikuwa yamekwisha, ya shambani bado mabichi kabisa, na mtoto wake alitakiwa kuripoti shuleni na mahitaji ambayo hayajanunuliwa. Aliketi, akaeleza. Nilimsikiliza. Nilitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Nikamwambia tumkabidhi Mungu, nikambariki, nikamsindikiza hadi mlangoni. Maneno yangu yote yalikuwa ya kweli. Yalikuwa yamenyooka na kung'aa. Nimeyasema mara nyingi mno hata hayana tena sehemu ya kumshika mtu. Zilikuwa dakika kumi, na mama yule akatoka ofisini kama alivyoingia.

Majuma mawili baadaye nikasikia kwamba ameuza kahawa yake kwa magoma.

Nyinyi wa Mbinga hamhitaji kuelezwa, lakini tafakari hii husomwa na wengine pia. Magoma ni kuuza kahawa ikingali mbichi mtini. Mwenye fedha anakuja miezi ya njaa, anakupa kiasi cha kumaliza shida ya leo, na bei anaipanga yeye. Kahawa ikiiva wewe na watoto wako mnachuma, mnamenya, mnavundika, mnaosha, mnaanika kwenye vichanja, mnachambua, halafu mnampelekea. Viongozi wa serikali wameikemea biashara hii kwa miaka mingi na bado ipo, kwa sababu njaa haisubiri mnada.

Nilipopata habari ile nilifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mstari wa 6 ni mfupi na nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kusimama. Musa anakataza mkopeshaji kuchukua mawe ya kusagia kuwa rehani. Na anaongeza kwamba hata jiwe la juu peke yake lisichukuliwe, kwani anayelichukua ameshika uhai wenyewe wa mwenzake. Kwa nini alitaja jiwe la juu peke yake? Mjukuu wa mwanamke aliyesaga analiona jibu mara moja. Mkopeshaji mwerevu angesema: jiwe kubwa nimekuachia, angalia, lipo pale pale uani, mimi nimechukua hiki kidogo tu. Lakini mama bila mwana hasagi kitu. Leo anasema: shamba nimekuachia, mibuni yote ni yako, mimi nimechukua kahawa ya msimu huu tu.

Mtu huyo si jitu la kutisha. Mara nyingi ni wa kwetu, anaketi benchi la tatu, anatoa zaka, na siku ya msiba anafika na gari lake kusaidia kubeba watu. Siandiki haya ili atafutwe na kuoneshwa kidole. Nayaandika kwa sababu najua kilichompata. Kilinipata mimi nikiwa kwenye kiti cha ofisi ya parokia, nimevaa stola. Yeye shida ya mama yule ilimpitia ikiwa hesabu ya faida. Mimi ilinipitia ikiwa sala. Aliyeumia ni mama yule yule mmoja.

Kwaresima ikianza, wengine wetu hukimbilia nyundo. Mtu anaapa mambo kumi siku ya Majivu, hali hiki, hanywi kile, kila siku saa kumi alfajiri yuko macho, na kufikia juma hili la tatu ameshindwa na kuacha vyote. Bibi hakutumia nyundo. Jiwe la kusagia ukilipiga kwa hasira hupasuka, na hata likigongwa vizuri linapungua. Kila mara unaondoka unene fulani usiorudi. Kijana wetu alisema hivyo hivyo juu ya matufe yake, kwamba kila kuparuza kunakula ngozi kidogo, na fundi mwenye pupa huyamaliza kabla ya wakati. Wenye mashine za kumenyea kahawa nao wanaijua hesabu hii. Ukiacha nafasi kubwa, tunda linapita na ganda lake. Ukibana mno unaikata punje, na punje iliyojeruhiwa huharibu daraja la kahawa yote. Sisi tunaosikiliza maungamo ingetufaa kwenda kusimama kidogo karibu na mzee anayerekebisha mashine hiyo mwanzo wa msimu: anavyoijaribu kwa konzi moja ya matunda, anatazama punje kwenye kiganja, analegeza kidogo, anajaribu tena.

Pigo dogo, basi, kando ya pigo dogo. Kwangu mimi la kwanza lilikuwa kwenda nyumbani kwa mama yule badala ya kumwita ofisini. Nilikaa kwenye kigoda. Nilimwuliza mtoto jina lake, kisha nikamwuliza anachopenda shuleni, nikasubiri jibu, na jibu la mtoto wa umri ule huchelewa. Kahawa haikurudi, makubaliano yalikwisha kufanyika na fedha zilikwisha kutumika. Nilimwomba radhi. Hakuelewa ninaombea radhi kitu gani, kwa sababu kwake padre alikuwa amefanya kile padre anachofanya. Hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu. Tangu siku ile jumuiya yake imekubaliana kwamba wakati wa mavuno kila nyumba itatoa sado mbili za mahindi, yawekwe nyumbani kwa mwenyekiti hadi Januari. Ni kidogo. Lakini mtu mwenye debe la mahindi mkononi anaweza kumwambia mwenye fedha arudi kesho.

Na Bibi aligonga mawe yote mawili. Mara nyingi mume anakuja kuungama peke yake, anatoka amegongwa vizuri, anarudi nyumbani kwa mke ambaye hakuna aliyemwuliza lolote mwaka mzima. Au mke anahudhuria mafungo ya siku tatu, mume anabaki na mifugo. Baada ya mwezi wanashangaa kwa nini mambo hayasagiki. Njooni pamoja. Ibada ya kitubio ya mwaka huu tumeiweka Jumamosi alasiri, baada ya kazi za shamba, kwa sababu hiyo.

Kuna hofu nyingine inayotufanya tuahirishe. Ili kitu kitengenezwe lazima kitolewe kazini, na kikitolewa kazini hakina ulinzi. Ziwa letu lina kisa chake. Pale Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba walioona unafanana na sanamu ya Misri, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo mwezi Agosti 1914. Tarehe 13 ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaifyatulia mzinga. Nahodha Berndt, ambaye Rhoades alikuwa rafiki yake, alipanda mashua ndogo akamwendea mwenzake kwa hasira, akamwuliza kama amelewa. Habari kwamba Ulaya kuna vita zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka. Sitasema nani alikuwa na haki katika vita ile. Babu zetu walizibebea mizigo pande zote mbili na hakuna aliyewauliza. Mimi macho yangu yanabaki kwenye meli. Iko juu ya magogo, tumbo wazi, haiwezi kusogea hata hatua moja, na anayeipiga ni jirani wa jana.

Ndivyo alivyo mtu anayejirekebisha. Aliyeacha pombe ana siku kumi na nne. Aliyerudi kwa mkewe ana juma moja. Aliyerudisha kahawa ya magoma, maana wapo waliorudisha na Mungu anawajua, anapita sokoni akiwa ameinamisha uso. Hawa wamepandishwa nchi kavu kwa hiari yao wenyewe. Na sisi rafiki zao wa jana tunatokea na mzinga: huyu namjua, subirini tu, hatafika Pasaka. Nawasihi sana. Mtu aliye juu ya magogo asipigwe.

Akianza tena kusaga, msishangae unga wake wa kwanza ukiwa na mchanga. Aliyeacha pombe jana atawahubiria wote walioshika chupa leo, na atahubiri kwa ukali. Aliyeungama baada ya miaka kumi na mitano atataka jumuiya nzima iungame kesho asubuhi. Maneno yake yatakwaruza. Ni vumbi la kugongwa, litapungua kadiri anavyosaga. Bibi hakulitupa jiwe kwa sababu ya konzi ya kwanza. Alijua pa kuipeleka. Nasi tuwe na mahali pa kuyamwagia maneno hayo ya mwanzo bila kuyala na bila kuyarudisha usoni kwa mwenyewe.

Nilimwuliza kijana wetu kama kuna njia ya kuliepusha tufe na msasa. Akasema haipo, lakini kuna ya kuufanya uwe wa mara chache: kitambaa. Mchezaji makini hulifuta tufe lake kila linaporudi mkononi, kabla mafuta hayajaingia kwenye vitundu. Wapendwa, hicho kitambaa tunacho. Ni zile dakika tatu kabla ya kulala, taa ikiwa imezimwa, mtu anaupitisha mkono juu ya siku yake: nani alizungumza nami leo na sikumsikia? Anayefanya hivyo kila usiku hahitaji kugongwa asubuhi nzima. Na akaniambia jambo jingine, kwamba katika mashindano ya huko, mchezo ukishaanza hakuna ruhusa ya kupiga msasa. Kama hukulitengeneza tufe lako kabla, utacheza nalo lilivyo. Nilimfikiria mgonjwa mmoja niliyeitwa kumpaka mafuta usiku wa manane, alivyokuwa akitafuta kwa macho ndugu ambaye hawakuzungumza miaka minane, na ndugu huyo alikuwa Songea, na gari la kwanza ni la alfajiri.

Jumatano niliteremka nyumbani. Siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay, na milima ile tuliyokuwa tukiishuka kwa saa nyingi, tumebebana juu ya magunia, sasa inaisha kwa rozari tatu au nne. Shangazi yangu ndiye anayekaa kwenye nyumba ya Bibi. Jiwe bado liko uani, chini ya ukingo wa bati. Watoto hulikalia wakila embe. Mwana wa jiwe nilimkuta anauzuia mlango wa jiko usipigwe na upepo wa ziwa. Nikapitisha kiganja katikati ya jiwe, mahali pale pale. Tumbo la samaki.

Nilivua viatu nikaketi chini, nikatafuta uani kitu cha kugongea, nikaokota kokoto moja, ikavunjika kwa pigo la tatu. Shangazi alitoka jikoni, akasimama akinitazama, hakusema neno. Akaingia ndani, nikamsikia anaburuta kitu chini ya kitanda, akarudi na jiwe jeupe.

Niligonga hadi jua likaanza kugusa milima ya upande wa Malawi. Mikono iliota malengelenge, na mistari yangu haikunyooka kama ya Bibi. Nikamgonga na mwana. Watoto watatu wa jirani walichota maji, wakanioshea, jiwe likakauka likiwa na weupe mtupu, limefifia, halina mng'ao hata kidogo. Shangazi akaja na ulezi kwenye kiganja, akapiga magoti, akaumwaga, akasukuma mara mbili tatu. Hakuna punje iliyokimbia. Akaukusanya unga wote kwa ubavu wa mkono, nami nikanyoosha ungo ili niupokee.

"Huu ni wa kuku, baba," alisema.